Duka la Mtaa Likifungwa, Riba Hubisha Hodi

Katika maziko yetu kuna tangazo lisilokosekana. Baada ya swala ya jeneza, kabla maiti hajanyanyuliwa kupelekwa makaburini, imamu huwaomba waliohudhuria kwamba yeyote anayemdai marehemu awaone warithi wake. Deni ni jambo zito. Mtume wetu Muhammad (S.A.W.) alipata kusita kumswalia maiti aliyeacha deni mpaka mmoja wa masahaba zake alipojitolea kulibeba.

Miaka miwili iliyopita tangazo hilo lilisomwa katika msikiti wetu, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam, mbele ya jeneza la mzee mwenye duka la vyakula. Alikuwa mwenyeji wa Pemba aliyeishi nasi kwa zaidi ya miaka ishirini. Hakuna aliyejitokeza. Siku ya tatu baada ya maziko, wanawe wawili walikuja katika ofisi ya kamati wakiwa wamebeba madaftari matatu. Marehemu hakudaiwa na mtu yeyote. Yeye ndiye aliyekuwa akiudai mtaa.

Tuliyafungua madaftari yale kwa haya. Humo mlikuwa na wajane, mafundi, wapiga debe, walezi wa mayatima na walimu wawili wa madrasa yetu. Mlikuwa pia na baadhi yetu sisi wajumbe wa kamati. Unga kilo moja, mafuta vipimo viwili, sukari robo, mkate, mshumaa. Kila kitu kwa tarehe yake na bei yake. Wengine hawakuandikwa kwa majina, bali kwa alama ambazo mzee alizielewa mwenyewe: mama wa mlango wa kijani, fundi baiskeli, bibi wa wajukuu wanne. Ukutani mwa duka lake palikuwa na kibao cha methali inayojulikana na wengi, “Kukopa harusi, kulipa matanga”, lakini chini ya kibao hicho hicho ndiko alikokaa na kalamu yake akiandika.

Tunayaeleza haya kwa sababu yaliyofuata yalitufundisha jambo ambalo hatukulifikiria kabla yake, ingawa kila siku tulipita mbele ya duka lile tukienda kuswali.

Mtaa ulipokosa duka

Vijana wale walikuwa na wadogo zao ambao hawajabaleghe, na kodi ya chumba cha duka ilikuwa imekaribia. Hawakuwa na mtaji wa kuendelea, kwa kuwa sehemu kubwa ya mtaji wenyewe ilikuwa imelala katika madaftari. Mwisho wa mwezi walikabidhi chumba, na muda si mrefu pakafunguliwa biashara ya kubeti na vifaa vya simu.

Mtu wa mbali angesema kwamba mtaa haukupoteza kitu. Ng’ambo ya barabara kuu lipo duka kubwa, safi, lenye taa na majokofu, na bei yake kwa kilo ni nafuu kuliko ilivyokuwa kwa mzee. Nasi mwanzoni tulisema hivyo hivyo. Hatukuzingatia kwamba duka lile huuza kilo, lita na mfuko, wala halipimi kidogo kidogo, wala halina daftari.

Familia nyingi za mtaa wetu hupata riziki kwa siku. Anayekaanga maandazi alfajiri huzijua fedha zake saa nne asubuhi. Anayebeba mizigo sokoni huzijua jioni. Kwa watu hawa bei ya lita ya mafuta ni jambo la kusikia tu. Wanachokihitaji ni kipimo kimoja cha kuungia mchuzi wa leo. Kwa hiyo duka la ng’ambo liliposhusha bei, wenye mshahara walinufaika, na wasio na mshahara wakabaki kununua kwenye vibanda vilivyochipuka baada ya duka kufungwa, kwa bei iliyo juu kuliko ile ya marehemu.

Tutoe mfano wa hesabu. Tuseme lita moja ya mafuta ya kula inauzwa shilingi 6,000, na kipimo cha mililita 50 kinauzwa shilingi 400. Katika lita moja mna vipimo 20 vya namna hiyo. Anayenunua kwa kipimo atakapoimaliza lita atakuwa amelipa shilingi 8,000, yaani amezidisha theluthi nzima ya bei. Fukara ndiye anayelipa zaidi kwa mafuta yale yale, kwa sababu hana shilingi 6,000 kwa wakati mmoja.

Je, huko ni kupunja? Insafu inatutaka tutofautishe. Mwenye duka anayepima kidogo kidogo hupoteza muda, hununua vifungashio, humwagikiwa na hubeba hasara ya kinachobaki. Kuweka bei inayofidia hayo, ikiwa wazi na mnunuzi akairidhia, ni biashara. Kupunja ni kuweka jiwe pungufu katika mizani, au kuinua kitako cha kopo ili lijae upesi. Hilo ndilo lililoteremshiwa onyo kali mwanzoni mwa sura ya 83, inayoitwa kwa jina la wapunjao wenyewe, Al-Mutaffifin.

Jambo hili si letu pekee

Ndugu msomaji asidhani kwamba haya ni masaibu ya uswahilini tu. Mwaka 1963 mwanasosholojia wa Marekani, David Caplovitz, alichapisha utafiti wake kuhusu familia za kipato cha chini za jiji la New York, akaonesha kuwa maskini walikuwa wakilipa zaidi, hasa kwa vitu walivyochukua kwa mkopo. Katika mtaa wa Englewood huko Chicago, duka kubwa la kampuni ya Whole Foods lilifunguliwa mwaka 2016 kwa matumaini makubwa kwamba wakazi wangepata chakula bora karibu na makazi yao. Mwaka 2022 lilifungwa. Na mwaka 2019 kundi la wachumi wa nchi hiyo hiyo lilichapisha utafiti uliokadiria kwamba, hata familia za kipato cha chini zingepata bidhaa na bei zile zile wanazozipata matajiri, pengo la ubora wa chakula baina yao lingepungua kwa takriban asilimia 10 tu. Ukaribu wa duka, basi, hautoshi. Inategemea pia fedha ya mnunuzi, mazoea yake na masharti ya mauzo.

Hapa kwetu nako maduka yamekuja na kuondoka. Wazee wetu wanaikumbuka Operesheni Maduka ya mwaka 1976, ambapo maduka ya watu binafsi yalifungwa vijijini ili nafasi yake ichukuliwe na maduka ya ushirika. Uhaba ukajitokeza, na zoezi halikudumu. Wanazikumbuka pia foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, msako wa walioitwa wahujumu uchumi mwaka 1983, na kulegezwa kwa masharti ya biashara ya nje kuanzia mwaka 1984, hatua iliyorudisha bidhaa madukani. Kizazi chetu kimeshuhudia maduka makubwa ya kigeni yakija kwa kishindo. Shoprite ya Afrika Kusini iliondoka nchini mwaka 2014 na maduka yake kuchukuliwa na Nakumatt ya Kenya. Uchumi ilifunga milango yake mwaka 2015. Kisha Nakumatt nayo ikaanguka.

Katika misukosuko yote hiyo, aliyeendelea kuwalisha watu wa kipato cha chini mijini ni mwenye duka la mtaani. Yeye naye hasimami peke yake. Huchukua mzigo kwa mali kauli kutoka duka la jumla, na mwenye duka la jumla huchukua Kariakoo. Ni mnyororo wa kuaminiana, na kila pete yake hubeba deni la pete inayofuata. Soko Kuu la Kariakoo lilipoungua Julai 2021, wengi walitazama moto. Wenye maduka ya mitaani walitazama pia mzigo wao wa kesho.

Kilichoingia mahali pa daftari

Miezi michache baada ya duka kufungwa, mama mmoja alikuja ofisini kwetu baada ya swala ya alasiri. Ni mjane, analea wajukuu, na katika daftari la mzee ndiye yule wa wajukuu wanne. Alitaka kujua kama kamati ina fungu la kumsaidia kukomboa godoro na jiko la gesi vilivyochukuliwa nyumbani kwake. Alikuwa amekopa kwa wale ambao mitaani mikopo yao huitwa kausha damu. Hakukopa kwa ajili ya harusi wala mapambo. Alikopa anunue mchele na unga wa wiki ile ambayo maandazi yake hayakununuliwa kwa sababu ya mvua.

Maneno yake tumeyahifadhi. “Mzee alikuwa ananiandika tu,” alisema. “Hawa walinipiga picha nimeshika kitambulisho.”

Tuitazame tofauti hiyo kwa utulivu. Tuseme mtu amepewa shilingi 50,000 na kutakiwa kurejesha 65,000 ndani ya mwezi mmoja, tena kila siku ya kuchelewa ina faini yake. Hiyo ndiyo riba ambayo Allah (S.W.) ametangaza vita dhidi ya wanaoing’ang’ania, katika Suratul-Baqara, aya ya 279. Aya inayofuata inaamuru kwamba mdaiwa mwenye dhiki apewe muda mpaka afarijike, na kwamba kumsamehe ni bora zaidi. Aya ya 282, ambayo ndiyo ndefu kuliko zote katika Qur’ani, inaamuru madeni yaandikwe. Mzee wetu, ambaye hakupata kusimama kwenye mimbari hata siku moja, alikuwa akizitekeleza aya hizi kwa kalamu na daftari: aliandika, alisubiri, na hakuongeza hata senti kwa aliyechelewa.

Asidharauliwe anayechukua chakula kwa mkopo. Bibi Aisha (R.A.) amesimulia, katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, kwamba Mtume (S.A.W.) alinunua chakula kwa Myahudi kwa malipo ya baadaye na akaweka rehani deraya yake, na imepokewa kwamba alipofariki deraya hiyo ilikuwa bado rehani, kwa pishi thelathini za shayiri. Kiongozi wa umma alikula kwa mkopo wa mfanyabiashara wa mji wake, na wala hakuwa wa dini yake. Basi mkopo wa chakula usio na ziada una heshima katika sunna. Unapoondoka mtaani, njaa haiondoki nao, na mwenye njaa hubisha mlango wowote alioachiwa.

Tulichokosea sisi

Ingekuwa rahisi kuishia hapo, tukawalaumu wakopeshaji na wenye duka la ng’ambo. Lakini katibu ana wajibu wa kutunza mihutasari, na mihutasari haimpendelei mtu.

Kila mwaka, kabla ya Ramadhani, kamati yetu hupokea michango ya wahisani kwa ajili ya futari za wenye mahitaji. Tulikuwa tukikodi kirikuu, tunakwenda Kariakoo, tunanunua mchele, unga, sukari, mafuta na tende kwa bei ya jumla, kisha tunarudi nayo mtaani tukipita mbele ya duka la mzee. Mwezi ule wateja wake wakubwa wa kipimo hawakumhitaji, nasi tulifurahi kuwa tumewasitiri. Hatukujiuliza ni nani anayewasitiri miezi kumi na moja iliyobaki, wala yeye hula nini mwezi ambao sisi tunagawa bure vile anavyouza.

Mwaka mmoja kabla ya kufariki kwake alituomba jambo moja: kamati inunue kwake japo sukari. Muhtasari wa kikao hicho tunao. Umeandikwa kwamba ombi lilijadiliwa, na kwa kuwa bei ya Kariakoo ilikuwa nafuu kwa kila mfuko, lilikataliwa. Kwa hesabu ya mfuko jibu letu lilikuwa sahihi. Kwa hesabu ya mtaa tulimdhoofisha mtu aliyekuwa akifanya, bila ya kutangaza, sehemu kubwa ya kazi tuliyodhani ni yetu.

Tulichokifanya baadaye

Suala la kwanza lilikuwa madaftari. Tuliwauliza mashekhe wetu, na majibu yao tunayanukuu kwa maana ili yawafae wengine. Deni analodai marehemu ni sehemu ya mirathi yake. Warithi waliobaleghe wanaweza kusamehe mafungu yao, lakini hapana mwenye mamlaka ya kusamehe haki ya mayatima. Mdaiwa asiye na uwezo wa kulipa anaingia katika fungu la wenye madeni, mojawapo ya mafungu manane ya zaka yaliyotajwa katika Suratut-Tawba, aya ya 60. Na kwa idhini yake, zaka hiyo inaweza kulipwa moja kwa moja kwa anayemdai. Ama mwenye duka kumsamehe fukara deni na kulihesabu kuwa ndiyo zaka yake, wanazuoni wengi hawakulikubali, ingawa kusamehe kwenyewe ni sadaka kubwa.

Majina hayakusomwa msikitini. Akina mama wawili na mzee mmoja wa kamati walipita nyumba kwa nyumba baada ya isha. Wenye uwezo walikumbushwa, na wajumbe tuliokuwemo tulianza sisi kulipa. Wasio na uwezo waliombwa idhini, nao wakalipiwa kutoka katika zaka. Madaftari mawili yamefungwa. La tatu bado liko wazi, kwa kuwa wengine wamehama na wengine wanakana. Nani alikuwa “mama wa mlango wa kijani” hatujajua mpaka leo. Milango imepakwa rangi nyingine.

Suala la pili lilikuwa duka. Kijana aliyekuwa akimsaidia marehemu alipewa mtaji wa mkopo mwema kutoka kwa waumini wachache, bila ziada, akapanga chumba jirani na msikiti. Masharti yalikuwa manne: mizani ihakikiwe na Wakala wa Vipimo, bei ya kipimo iandikwe mahali inapoonekana, bei ya mkopo itajwe wakati wa kuchukua na isiongezwe kwa aliyechelewa, na kila kaya iwe na kikomo cha deni, ili mkopo wa mmoja usiyameze mahitaji ya wengine.

Suala la tatu lilikuwa futari. Ramadhani iliyopita nusu ya fungu la futari tulilinunua katika duka hilo. Badala ya vifurushi tulitoa kadi, kila familia ikachukua inachokihitaji kwa siku inayokitaka. Zakatul-fitri nayo, ambayo ni pishi moja ya chakula kikuu kwa kila mtu, wengi waliinunua hapo hapo.

Hatutaki kuipamba habari hii. Kwa kuwa bei ya mtaani ni kubwa kuliko ya Kariakoo, kaya tulizozihudumia zilipungua, na katika kikao cha tathmini baadhi ya wajumbe walilalamika, tena kwa hoja nzito: familia iliyokosa kadi haifarijiki kwa kuambiwa kwamba duka limeimarika. Kijana wetu naye amekwisha kukataa kuwaandika watu kadhaa, na miongoni mwao wapo wanaostahiki. Yule mama wa wajukuu wanne anaandikwa. Godoro alilipata kwa msaada wa waumini. Jiko la gesi lilikuwa limeshauzwa.

Rai yetu kwa kamati na familia

Tunaziomba kamati za misikiti, kabla ya kukodi gari la kwenda sokoni, zijiulize ni nani mwenye daftari katika mtaa wao, anadai kiasi gani, na ni nani katika wadaiwa wake anayestahiki zaka. Takwimu za ufukara tunazozitafuta kila mwaka kwa fomu nyingi huenda zimekwisha kuandikwa, siku kwa siku, na mtu aliyekaa nyuma ya kaunta. Tumwendee kwa heshima na kwa siri, maana yaliyomo ni aibu za watu.

Kwa familia zenye mshahara tunasema: nunueni mfuko mahali penye nafuu, si haramu, lakini baadhi ya mahitaji ya mwezi yachukuliwe dukani kwa jirani, kwa fedha taslimu. Fedha hiyo ndiyo inayompa uwezo wa kumwandika asiye nayo. Na mwenye deni dukani alilipe kabla ya kununua asichokihitaji, kwani anapolichelewesha naye ana uwezo humdhulumu mwenye duka, na humdhulumu pia yule atakayekuja kesho kuomba kipimo cha mafuta na kuambiwa kwamba daftari limejaa.

Ama wenye maduka, wakumbuke habari aliyoisimulia Mtume (S.A.W.) ya mfanyabiashara aliyekuwa akiwakopesha watu, na kuwaagiza watumishi wake wamsamehe mwenye dhiki kwa kutaraji naye asamehewe, na Allah (S.W.) akamsamehe. Tunamuomba Mola amjaalie mzee wetu kuwa miongoni mwao, awatunze mayatima aliowaacha, na azilinde nyumba zetu na njaa na riba. Amin.

Wabillahi tawfiq.